Chili ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kitoweo cha nyama na pilipili cha Texas

Maswali yaliyomo hapa nimeulizwa na majirani Waswahili tunaoishi nao Texas, pamoja na ndugu walioko Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambao wamewahi kuonja chili wakaipenda na sasa wanataka kuipika kwao. Majibu ni ya mpishi wa nyumbani anayelisha watu wanane kwa sufuria moja, wakiwemo watoto wasiopenda ukali na mzee mmoja asiyeona chakula kuwa chakula kama hakina pilipili.

Chili ni nini hasa?

Chili ni kitoweo kizito cha nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya rojo la pilipili kavu, kitunguu saumu na bizari nyembamba. Jina lake kamili ni la Kihispania, chili con carne, yaani pilipili kwa nyama, na mpangilio wa maneno hayo unafaa kuzingatiwa, kwa kuwa pilipili ndiyo iliyotangulia. Katika mchuzi wetu wa kawaida rojo hutokana na kitunguu na nyanya, na pilipili huja mwishoni, mara nyingi ikiwa nzima, ikaachwa ielee juu ili anayeitaka aitumbue sahanini mwake. Katika chili pilipili ndiyo rojo lenyewe. Hutiwa nyingi, kwa sababu zinazotumika ni zile pana zisizo kali sana, zenye utamu wa mbali kama wa zabibu kavu, na ndizo zinazotoa rangi, uzito na ladha. Asiyelishika jambo hili atapika mchuzi wa nyama ya kusaga wenye nyanya nyingi, utaliwa na utamalizika, lakini mtu wa Texas akiuonja atauliza chili iko wapi.

Je, ni chakula cha Meksiko au cha Marekani?

Ni chakula cha mpakani, na mji unaotajwa zaidi katika historia yake ni San Antonio, Texas. Kuanzia miaka ya 1880, wanawake wenye asili ya Meksiko waliandaa chili majumbani mwao, wakaileta jioni katika viwanja vya mji huo na kuiuza kwenye meza ndefu chini ya mwanga wa taa za mafuta. Watu waliwaita malkia wa chili. Sisi tungewaita mama ntilie, na yaliyowapata hayatamshangaza mama ntilie yeyote: katika miaka ya 1930 kanuni za afya za mji ziliwabana hadi biashara yao ikafungwa. Hata hivyo sifa ya chakula chao ilikuwa imekwisha kuenea, hasa baada ya kibanda cha chili ya San Antonio kuwekwa katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893. Mwaka 1977 bunge la Texas liliitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo hilo.

Pilipili zenyewe ni za bara la Amerika, na neno chili linatokana na Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Afrika Mashariki zilifika baada ya safari za Wareno, katika karne ya 16. Kiswahili hakikuhitaji kuzitafutia jina jipya, kwa kuwa neno pilipili lilikwisha kuwepo kwa ajili ya kiungo cheusi kilichotoka India. Mgeni akatwaa jina la mwenyeji, na mwenyeji akalazimika kuitwa pilipili manga ili wasichanganywe.

Mapishi mengi ya Kimarekani yanataja vijiko vitatu vya unga wa chili. Je, huo ni unga wa pilipili tunaouza sokoni?

Hapana, na tafadhali lisome jibu hili kabla hujawasha jiko. Unga unaouzwa madukani Marekani kwa jina la unga wa chili ni mchanganyiko: pilipili nyekundu zisizo kali, bizari nyembamba, oregano (majani makavu ya kunukia), kitunguu saumu na wakati mwingine chumvi. Mmoja wa walioanza kuuuza ukiwa tayari umesagwa alikuwa William Gebhardt, mhamiaji Mjerumani wa New Braunfels, Texas, katika miaka ya 1890. Unga wa pilipili wa sokoni kwetu kwa kawaida ni pilipili tupu, tena mara nyingi ni pilipili kichaa au jamaa zake.

Wifi yangu wa Tanga aliyatafsiri mapishi hayo neno kwa neno, akatia vijiko vitatu vikubwa vya unga wa pilipili kichaa katika kilo moja ya nyama. Alinipigia simu akiwa amesimama uani, kwa sababu moshi wa kukaanga ulikuwa umewatoa wote jikoni, na nyuma yake nilisikia watoto wakikohoa na kucheka kwa pamoja. Tulijaribu kuiokoa sufuria kwa tui zito la nazi mbili na viazi vya kutosha. Kilichopatikana kilikuwa kizuri na kililiwa na wanaume wa nyumba hiyo huku wakifuta jasho, ila hakikuwa chili tena.

Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville alibuni kipimo cha ukali wa pilipili ambacho kinatumika hadi leo. Kwa kipimo hicho pilipili kavu iitwayo ancho huwa kati ya vizio 1,000 na 2,000 vya ukali, wakati pilipili kichaa huanzia 50,000 hivi na inaweza kufika 100,000. Kwa hiyo anayebadilisha moja kwa nyingine kijiko kwa kijiko anaongeza ukali angalau mara ishirini na tano.

Ninunue pilipili zipi, na kama ninaishi Afrika Mashariki nitumie nini badala yake?

Aliyeko Marekani aende duka lolote la Wameksiko, aulize ancho na guajillo. Ancho ni pilipili ya poblano iliyoachwa iive mpaka ikawa nyekundu kisha ikakaushwa. Ni pana, imekunjamana, ina rangi inayokaribia weusi. Guajillo ni ndefu, ina ngozi laini inayong'aa, na ladha yake ina uchachu kidogo. Pilipili nzuri hukunjika mkononi kama ngozi ya mkoba wa zamani na hunukia matunda makavu. Inayovunjika na kumwaga vumbi imekaa dukani muda mrefu mno. Mwenye kupenda harufu ya moshi aongeze chipotle moja au mbili, ambazo ni pilipili za jalapeno zilizoiva zikakaushwa kwa moshi.

Aliyeko Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Nairobi asihangaike kuagiza. Katika maduka ya viungo ya Wahindi hupatikana pilipili ya Kashmiri, nzima au unga, ambayo ina rangi kali kuliko ukali wake. Pilipili kavu kumi na tano za aina hiyo, hoho mbili kubwa nyekundu zilizobabuliwa motoni na kumenywa, pamoja na vijiko viwili vikubwa vya paprika (unga wa pilipili tamu isiyo kali), hutoa rojo linalokaribia sana lile la ancho, kwa kuwa hoho zinarudisha unene na utamu ambao Kashmiri peke yake haina. Onja kipande kidogo cha pilipili moja kabla ya kuamua idadi, kwani zinazouzwa kwa jina hilo hazilingani ukali. Pilipili mbuzi ina harufu nzuri lakini ni harufu ya achari, na ikiingia humo chili yote huelekea upande wake.

Vipimo vya familia ya watu wanane ni vipi?

Andaa kilo moja na nusu ya nyama ya ng'ombe, ancho 5 na guajillo 4 (zote pamoja zina uzito wa gramu 100 hivi), vitunguu maji viwili vikubwa, punje sita za kitunguu saumu, kijiko kikubwa kimoja cha bizari nyembamba isiyosagwa, kijiko cha chai kimoja na nusu cha oregano kavu, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, lita moja ya maji au supu ya mifupa, chumvi, vijiko viwili vikubwa vya unga wa mahindi, na ndimu moja. Bizari nyembamba ninayoitaja ndiyo ile wengine wanayoiita uzile au jira, na isichanganywe na binzari ya manjano, ambayo haina kazi hapa. Muda wa jikoni ni saa tatu, ingawa kazi ya mikono haizidi dakika hamsini.

Hatua za kupika ni zipi?

Anza na pilipili. Zifute vumbi kwa kitambaa, zikate vikonyo, zipasue na kuzikung'uta mbegu, kisha zibandike chache chache kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani. Hapa ndipo chili nyingi huharibikia, kwa hiyo usiondoke wala usipokee simu. Ibonyeze pilipili kwa mwiko. Baada ya sekunde kumi na tano hivi utasikia mlio mwembamba, ngozi italegea na kubadilika rangi kidogo kuelekea hudhurungi, na harufu itapanda. Igeuze, hesabu muda kama huo, itoe. Ikishaanza kutoa moshi umechelewa, na pilipili iliyoungua huleta uchungu usioondolewa na sukari, ndimu wala kitu kingine chochote. Bora kuitupa hiyo moja kuliko kuiachia sufuria nzima.

Ziloweke katika maji ya moto kwa dakika 25 zikiwa zimefunikwa na sahani ili zisielee. Zikilainika, zitie kwenye blenda pamoja na kitunguu saumu na kikombe kimoja cha maji safi, usage mpaka rojo liwe laini kabisa. Maji ya kulowekea yaonje kwanza: yakiwa matamu tumia hayo, yakiwa machungu yamwage. Kama blenda yako si ya nguvu, lipitishe rojo kwenye chujio, maana maganda ya guajillo ni magumu na hubaki kwenye meno. Bizari nayo ikaange kavu kwa dakika moja, kisha uitwange. Ya pakiti iliyosagwa zamani inafaa pale tu ambapo hakuna nyingine.

Nyama ikate vipande vya sentimita mbili hivi, ikaushe kwa kitambaa na uitie chumvi. Pasha mafuta katika sufuria nzito, kaanga nyama kwa mafungu matatu mpaka ishike rangi ya kahawia pande mbili. Ukiitia yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na kile kitako cha kahawia kinachoganda chini ya sufuria, ambacho ni nusu ya ladha, hakitapatikana. Toa nyama, tia vitunguu vilivyokatwakatwa, na majimaji yake yatakusaidia kukwangua kitako hicho. Vikilainika tia bizari na oregano, kisha mimina rojo la pilipili. Likaange kwa dakika tano au zaidi huku ukikoroga, kama unavyokaanga masala ya biriani mpaka mafuta yajitenge. Litaruka, kwa hiyo simama mbali kidogo na uvae kanga usiyoionea huruma. Rudisha nyama, ongeza lita ile ya maji, na mara inapotokota punguza moto mpaka uone mapovu machache tu yakipanda pembeni. Iache hivyo kwa saa mbili hadi mbili na nusu, mfuniko ukiwa wazi kidogo, ukikoroga kila baada ya dakika ishirini.

Nyama ikishaachia inapobonywa na kijiko, koroga unga wa mahindi katika maji baridi, umimine na upike dakika kumi na tano zaidi. Unga wa tortilla (chapati nyembamba za Kimeksiko), unaotokana na mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa, ndio bora, lakini sembe inafaa. Zima, kamulia ndimu, onja chumvi. Usiipakue hapo hapo. Ikikaa nusu saa hujikusanya na mafuta mekundu hupanda juu.

Ninaweza kutumia nyama ya kusaga?

Ndiyo, na familia nyingi za Marekani hufanya hivyo siku za kazi, kwa kuwa saa moja inatosha. Mimi hupendelea nyama ya bega, yenye mafuta na mishipa, kwa sababu hulainika bila kukauka. Kulipia steki kwa mapishi haya ni kupoteza fedha. Ukitumia sufuria ya presha, dakika 35 zinatosha kwa vipande, lakini maliza kwa kuifungua na kuipunguza maji.

Je, maharage yanatakiwa?

Swali hili limevunja mazungumzo mengi. Chili ya Texas haina maharage, na katika mashindano ya chili ya Terlingua, kijiji cha jangwani karibu na mpaka wa Meksiko ambako watu wamekuwa wakishindana tangu mwaka 1967, maharage hayaruhusiwi sufuriani. Nje ya Texas, Wamarekani wengi hawaijui chili isiyo na maharage. Nyumbani kwangu napika bila maharage siku za wageni, na kuyatia katikati ya mwezi, kwa sababu inayoeleweka na kila anayenunua nyama kwa ajili ya watu wanane.

Ukiyatia, yapike pembeni mpaka yaive kabisa, kisha uyaongeze dakika thelathini za mwisho, kwani uchachu wa nyanya na wa pilipili hukawiza maharage mabichi kulainika. Maharage mekundu yana jambo jingine la kuangaliwa: yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Yaloweke angalau saa tano, mwaga maji hayo, kisha yatokote kwa nguvu kwa dakika 30 katika maji mapya. Jiko la umeme la kupikia polepole lisitumike kuyaivisha kuanzia mwanzo, kwa kuwa joto lake huenda lisifikie kiwango cha kuiharibu sumu hiyo. Ya kopo yamekwisha kupikwa na hayana shida.

Na nyanya je?

Mbili, au zisiwepo kabisa. Ukiona rojo lako ni jekundu la kung'aa, nyanya zimezidi.

Nitawapikiaje watoto bila kuwanyima wazee pilipili?

Pika sufuria isiyo kali, kisha ukali uwe mezani. Ukali hutokana na kapsaisini, na sehemu kubwa yake imo katika utando mweupe unaoshikilia mbegu, si katika mbegu zenyewe kama wengi tunavyofundishwa. Ukiukwangua utando huo kwa kisu, ancho huwa haina makali ya kumtisha mtoto wa miaka mitano. Wazee nawawekea bakuli la pilipili ya kupika au pilipili kichaa iliyopondwa na ndimu na chumvi.

Mtoto akiunguzwa mdomo, maji hayamsaidii, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Mpe maziwa au mtindi. Kwa sababu hiyohiyo mikono iliyokatakata pilipili isafishwe kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha kwa sabuni, kabla ya kugusa macho au kumbeba mtoto mchanga.

Je, chili inaweza kuwa halali?

Ukiipika mwenyewe kwa nyama iliyochinjwa ipasavyo, hakuna kinachozuia. Ya kuangalia katika mapishi ya Kimarekani ni bia, ambayo wengi humimina badala ya sehemu ya maji, na mafuta ya nguruwe au soseji ya nguruwe ambayo baadhi huongeza. Badala ya bia tumia supu ya mifupa; sijaona aliyelalamika.

Inaliwa na nini?

Texas huliwa na mkate wa mahindi, biskuti za chumvi au tortilla, na juu hunyunyizwa kitunguu kibichi na jibini. Katika mji wa Cincinnati, wahamiaji kutoka Makedonia walianza mwaka 1922 kuuza chili nyepesi yenye mdalasini wakiimwagia juu ya tambi, na mtu wa pwani akiionja hiyo huhisi kwamba pilau imepita karibu. Kwetu huliwa na ugali, ambao ni binamu wa karibu wa huo mkate wa mahindi na unastahimili rojo zito kuliko wali. Chapati nazo humalizika haraka, na mpishi hujikuta bado anasukuma wakati wenzake wamekwisha kunawa.

Chili yangu imekuwa nyepesi, au chumvi imezidi. Nifanyeje?

Ikiwa nyepesi, funua na uongeze moto kidogo kwa dakika ishirini kabla ya kufikiria unga zaidi. Chumvi ikizidi, ongeza maharage yasiyo na chumvi au viazi, kisha maji na ndimu. Mara nyingi chumvi huzidi kwa sababu imetiwa mapema, kabla rojo halijapungua, au kwa sababu ya vidonge vya supu.

Inahifadhiwaje, na inaweza kukaa siku ngapi?

Chili ya siku ya pili ni tamu kuliko ya siku ya kwanza, kwa hiyo wengi hupika nyingi kwa makusudi, na hapo ndipo penye hatari. Sufuria kubwa ya kitoweo kizito hupoa taratibu mno, na katika uvuguvugu huo bakteria huongezeka haraka. Usiiache mezani zaidi ya saa mbili. Igawe katika vyombo vipana vyenye kina kifupi, uiweke kwenye friji ikiwa bado ina joto kidogo. Humo itakaa siku tatu hadi nne. Kwenye friza, miezi mitatu bila kupoteza ladha. Kwa nyumba isiyo na friji, pika inayotosha siku hiyo.

Unapoipasha, ongeza nusu kikombe cha maji, kwa sababu itakuwa imeganda kama udongo wa kufinyangia, na uikoroge mpaka ichemke katikati, siyo pembeni tu. Ndimu ikamuliwe upya, kwani ile ya jana imekwisha kupotea.